Mwaka Matiko Alipopewa Kiti

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Nyamhanga kule Busawe, katika shamba la mwanawe mkubwa. Nilikuwa nimekaa na wanawake wenzangu tunamenya ndizi za msibani, kijana mmoja mwenye miwani akaja akachuchumaa mbele yangu, akanipa shikamoo, kisha akaniuliza swali nililoulizwa mpaka nimechoka: "Samahani mama, Mwalimu Matiko alikubalije kile cheo? Msomi kama yule, hakuona?" Nikamwitikia marahaba na kuendelea na ndizi zangu. Wenzangu wakadhani nimekasirika, na mmoja akamtishia kijana wa watu kwa kisu cha ndizi mpaka akaondoka. Wala sikukasirika. Sikuwa na jibu, basi. Mume wangu Matiko alifariki mwaka juzi, na alipokuwa hai alinipa jibu jipya kila nilipomuuliza. Mzee Nyamhanga, aliyempa hicho cheo, ndiye huyo tuliyekuwa tunamfukia. Waliobaki wanaoijua habari ile ni wachache, na mimi niliyelala nayo na kuamka nayo ndiye niliyeielewa kidogo kuliko wote. Kwa hiyo nitaandika nilichokiona na kukisikia mwaka ule tu, kwa mpangilio ulionijia, na msomaji akielewa zaidi yangu nitamshukuru.

Nilifika Turwa, pembezoni mwa mji wa Tarime, nikiwa bibi harusi kutoka Rungwe, nina sanduku moja na uoga mwingi. Matiko tulikutana Dar es Salaam chuoni. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kucheka kabla hajamaliza sentensi, na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao nilidhani ndoa ingeuponya: alipenda habari za dola ya Kichina ilipokuwa inazeeka. Aliandika kazi yake ya shahada juu ya wasomi wa huko, watu waliosoma tangu utotoni, wakafungiwa katika vijumba vya mtihani, wakatoka macho mekundu, na siku moja mwalimu wa watoto wa kijijini anaitwa kwenye jumba la mfalme na kupewa cheo kinachowafanya magavana wamwinamie. "Dola inaanguka, Atu," alikuwa akiniambia, mkono mmoja kwenye tonge, "hazina imekauka, majeshi yanakimbia, na wao wanamtafuta mtu aliyesoma vizuri!" Nilimuuliza mara nyingi msomi yule aliishiaje. Alisema inategemea nani ameandika. Shuleni alikofundisha historia, wanafunzi walimwita Mchina, jina likatoka nje ya geti, likashuka sokoni, na mwisho hata fundi baiskeli aliyekuwa hajawahi kuiona ramani alimsalimu, "Habari za China, Mwalimu?"

Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya mama yake. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, sebule ina viti vya mbao vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, na ukutani picha ya marehemu baba mkwe, katekista mwenye uso wa kukemea. Vitabu vya Matiko vilikaa chini ya kitanda chetu katika makasha ya sabuni, na baridi ya Tarime ilipozidi vilinuka sabuni na ukungu kwa pamoja. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mibuni ya marehemu, kisha migomba, kisha jiko la nje, na jiko lile ndilo lililokuwa nchi ya mama mkwe wangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mkunga wa mtaa mzima, asiyesema neno pale ambapo kikohozi kingetosha. Alinifundisha kusonga ugali mweusi wa mtama na muhogo mpaka mabega yakaniuma, na kumimina maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu bila kuyakatakata. Siku ya kwanza alinipa nyama ya kichuri, ile inayotiwa nyongo, nikadhani ananijaribu kama mimi ni mchawi. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba yangu mimi ilikuwa Kikurya, maana mazungumzo yote yenye maana yalifanyika kwa lugha hiyo, na niliyopewa kwa Kiswahili yalikuwa yameshapoa.

Sasa kuhusu Chama. Kila mtu alikiita Chama tu, ingawa kilikuwa na jina refu lililofutika mlangoni. Kilikuwa ushirika wa wakulima wa kahawa, na wazee walikizungumzia kama watu wanaozungumzia ng'ombe aliyewalea. Wengi wao walisomeshwa na Chama, waliezeka mabati kwa Chama, na lori la Chama liliwahi kuleta maiti ya mtu kutoka Mwanza bila kuuliza ni ya ukoo gani. Nilipofika mimi, lori hilo lilikuwa limekaa juu ya magogo, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Vijana walikuwa wameenda kuchimba dhahabu, pamoja na wageni waliokuja kutoka kila mkoa, na waliobaki walikuwa wanapitisha kahawa Sirari, mpakani, usiku kwa watu wa ng'ambo ambao, waliniambia, hulipa papo hapo na kukuita "mzee" hata kama huna ndevu. Mimi ninatoka kwenye kahawa. Nilipoingia ghala la Chama mara ya kwanza na kunusa, nilijua. La kuvunda halina ubani. Lakini nani amwulize bibi harusi wa Kinyakyusa?

Basi Jumamosi moja mchana walikuja wazee, wakiongozwa na Mzee Nyamhanga, aliyekuwa mwenyekiti wa Chama tangu kabla sijajua kusoma. Alivaa koti zito la baridi hata jua likiwaka, na alikuwa na desturi ya kukusikiliza huku anaangalia viatu vyako. Tulipika. Nilipokuwa nataka kupakua kwenye sinia moja kubwa, kama nilivyoona wanaume wakila, Mzee Nyamhanga akasimama mlangoni pa jiko akaniambia kwa upole kabisa, "Mkamwana, ya mwalimu mtie peke yake." Nikafurahi! Nikaenda chumbani nikatoa sahani ya udongo yenye maua, zawadi ya harusi iliyokuwa haijaguswa, nikampakulia mume wangu vipande vizuri. Mama mkwe aliiangalia ile sahani, akakohoa, akatoka kwenda kuchuma mboga, na mboga tulikuwa nazo tele.

Nilikaa nyuma ya pazia nikasikia yote, maana Mzee Nyamhanga alisema Kiswahili. Mpaka leo sijui kwa nini. Pengine alitaka nisikie.

"Mwalimu," alianza, "Chama kinaumwa."

"Najua, tata."

"Sisi tumeisha. Wenye nguvu wako mashimoni, wengine wako Sirari na magunia. Tumekaa, tumeangalia huku na huku, tukaona kichwa kiko hapa. Tunataka ushike kile kiti."

"Mimi si mwanachama hata."

"Baba yako alikuwa. Mibuni yake si hiyo hapo nyuma?"

"Na jana tumekufanya mwanachama," akadakia mzee mwingine, wote wakacheka. "Wewe mura, kijana wetu, huko kwenu China, msomi akiitwa na mfalme anauliza maswali?"

"Haulizi," Matiko akasema, naye anacheka. "Anapiga magoti."

Niliinua pembe ya pazia. Wale wazee walikuwa wamelizunguka sinia chini, magoti yakigusana, na mume wangu alikuwa kwenye kiti, sahani yake ya maua mapajani. Tonge lilikuwa mkononi na haliendi mdomoni. Nilifikiri anazuia machozi ya furaha. Mtu wa miaka thelathini na kidogo, mwalimu wa darasa, kapandishwa juu ya watu wazima wote wa wilaya kabla ya kunawa mikono! Waliondoka na baraka nyingi, na jioni ile Matiko alitembea sebuleni kutoka picha ya baba yake mpaka dirishani, akieleza mizani itatengenezwa vipi, kinu cha kukobolea kitafufuliwa vipi. Mama mkwe alisema amechoka, akaenda kulala jua halijazama.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kwa raha na kwa aibu. Sokoni nilikuwa mama mwenyekiti. Wauza nyanya waliniongezea moja juu, wanawake walionizidi umri walinishika mkono kwa mikono miwili, na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kutembea polepole. Matiko alipewa ofisi yenye kiti kikubwa cha ngozi ambacho springi zake zilikuwa zimekufa upande mmoja, kwa hiyo aliyekikalia alionekana daima anamwegemea mtu asiyekuwepo. Asubuhi alifundisha, mchana alikuwa ofisini, na jioni alipanda vilima kwa miguu, nyumba kwa nyumba, akiwaomba watu warudishe kahawa yao kwenye Chama badala ya kuivusha mpaka. Na walirudisha! Mizani ilitengenezwa. Panya walihamishwa. Nilisimama mlangoni pa ghala siku wanawake walipoleta magunia wakiimba, na mume wangu alikuwa na vumbi la maganda kichwani, ana furaha mpaka nikaogopa.

Lakini kulikuwa na mambo ambayo hayakukaa sawa. Kamati ilikubali kila alichosema, papo hapo. Kwetu Rungwe wazee wakikubaliana bila kubishana ujue kuna mgonjwa chumbani. Kisha kokote tulikoalikwa, harusini, msibani, kwenye ubatizo, aliwekewa kiti chake na meza ndogo na sahani yake, na wenzake wa umri wake walikuwa kwenye nyasi wamelizunguka sinia, wanasukumana, wanatukanana matusi ya kupendana. Niliwaandikia nyumbani kwamba mume wangu anaheshimiwa hata wazee hawathubutu kuchovya naye chombo kimoja. Matiko alikula haraka haraka, kisha akawa anatazama upande wa nyasi. Siku moja bombani nilisikia wanawake wawili wakisema Kiswahili kwa ajili ya mpangaji mmoja wa Kisukuma aliyeuliza mwenyekiti mpya ni nani. "Ni huyo mtoto wa katekista," mmoja akasema. "Maskini, hana mtu." Mpangaji akauliza hana mtu kivipi, na wao wakajitwisha ndoo zao. Nilirudi nyumbani na ndoo nusu, nikijiuliza ni maskini gani huyo mwenye ofisi.

Ghala lilipokaribia kujaa, habari ikashuka kutoka juu: Chama kimevunjwa. Kinu na jengo vitachukuliwa na wengine, na kilichomo ndani kifungiwe humo mpaka mambo yatakapoamuliwa. Kufuli jipya likawekwa mchana kweupe. Nilichanganyikiwa, lakini si kwa kufuli. Kilichonichanganya ni kwamba hakuna mzee hata mmoja aliyeshangaa. Walipita barabarani mbele ya nyumba yetu, fimbo mkononi, wanaongea habari za mvua. Waliolia ni wale wa vilimani, waliobembelezwa na mume wangu kwa jina lake mwenyewe, kwenye milango yao wenyewe. Tukaambiwa kutakuwa na ritongo, ule mkutano wa kimila wa wanaume wote, na kwamba mwenyekiti atasimama katikati aeleze.

Siku moja kabla ya mkutano, mama mkwe alikuwa anapepeta ulezi jikoni. Nikamkalia mbele. Nikamwambia, mama, mimi leo siondoki hapa mpaka unieleze ninaishi wapi.

Aliendelea kupepeta. Kisha akasema, "Binti yangu, wewe unafikiri ile sahani ni heshima?"

"Si heshima?"

"Wenzake walipokwenda jando, baba yake alikataa. Alisema ni mambo ya mizimu. Akampeleka hospitali ya misheni. Kisu kilipita, sawa, lakini hakukaa nao, hakuimba nao, hakuvumilia baridi nao. Hana rika. Watu wa rika moja wanakula pamoja. Yeye atakula na nani?"

Nikasema hayo ni mambo ya chakula tu. Aliweka ungo chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameuweka ungo chini kabla ya kumaliza.

"Sikiliza. Ritongo likimtoza mtu, linalitoza rika lake lote. Likimtenga mtu, limelitenga rika zima. Kwa hiyo mwenye rika hatengwi hivi hivi, ukimgusa umegusa nusu ya kata. Chama kinakufa, hao wazee walijua tangu zamani, waliambiwa. Na atakayesimama kusema kimekufa, watu watataka kumla. Sasa nani asimame? Kila mmoja ana wenzake. Wakatafuta mtu ambaye akianguka hatamwangukia mtu."

"Na wewe ulinyamaza!"

"Mwenyewe anajua. Mwanamume gani hajui kwamba anakula peke yake?"

Nilimkuta Matiko sebuleni anapiga pasi shati la kesho, mkaa unaruka cheche kwenye kitambaa cha mama yake. Nikamuuliza kama anajua. Akasema anajua. Tangu lini? "Tangu uliponiletea sahani," akasema, wala hakuninyooshea kidole. Niliumia kama niliyepigwa, maana nilikumbuka nilivyoichagua kwa furaha. Nikamuuliza, sasa kwa nini? Akasema alifikiri Chama kikipona watasahau mengine. Miaka ya baadaye alisema alitaka tu kusimama ritongoni mara moja katika maisha yake, na mwaka mwingine akasema ni makosa ya Wachina. Siku ile nilimwambia tufunge sanduku, kesho alfajiri tupande basi la Mwanza, na ritongo limhukumu kuku wa kwenye lori.

"Na mama?" akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa kipi kilikuwa mezani. Mtu akitengwa hapewi moto, hasalimiwi, hateki maji na wenzake, na akifa hachimbiwi. Aliye naye nyumbani hutengwa pamoja naye. Kwangu mimi, mgeni, kungekuwa na njia ya kurudi kwetu. Mama yake asingekuwa na pa kwenda. Alikuwa mzee, amezalisha wanawake wa mtaa ule maisha yake yote, na alikuwa na njia moja tu ya kubaki: wanaume wakimhukumu mwanawe, yeye asimame na wanawake pembeni na kumgeuzia mgongo, watu waone. Mgongo huo ungemwokoa. "Nimeshamwomba," Matiko akasema, akakunja shati. "Amekohoa. Nadhani amekubali."

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu, kisha jua likaja ghafla. Uwanja wa ghala ulijaa. Wanaume walikaa kwa marika yao, kundi hili hapa, kundi lile pale, na katikati nyasi zilibaki tupu. Wanawake hatuingii. Tulisimama nje ya ua wa michongoma, karibu na pengo wanapopitia mbuzi, na mama mkwe alikuwa mbele yangu, kanga kichwani, hajala tangu jana. Matiko alisimama kwenye zile nyasi tupu na koti lake la harusi. Alisema kwa Kikurya, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni, na nadhani kwa ajili yangu. Chama kimevunjwa. Kahawa yenu imefungiwa ndani. Niliyewaomba muilete ni mimi, nilipita kwenu kwa miguu yangu. Nilisubiri awataje wale walioijua habari tangu mwanzo. Nilisubiri kwa hasira. Hakumtaja mtu. Akafuta uso kwa mkono wa koti.

Kelele zikawa nyingi. Watu wa vilimani walisimama, fimbo juu. Mzee Nyamhanga akainua mkono, na walipotulia akauliza swali ambalo, nilielezwa baadaye, huulizwa kila mara kabla ya hukumu: rika lake liko wapi, lisimame. Nilielewa kwa kuwaona wanaume. Wenye umri wa Matiko, waliocheka naye, waliokuja sebuleni kwetu kunywa chai, waliangalia nyasi. Mzee akauliza tena. Ndege walisikika kwenye bati la ghala. Niliwachukia wote siku ile, na bado sijui kama nilikuwa na haki, maana nao walikuwa wanafuata sheria iliyowalea.

Hapo nikamwona mama mkwe anayumba. Alipiga hatua moja mbele, akashika mchongoma, akapiga nyingine. Nikasema moyoni, anaanguka, presha imempanda, hajala. Nikamfuata. Akapita kwenye pengo la mbuzi, nami nikapita, miiba ikanishika gauni, nikaivuta likachanika, macho yangu yako mgongoni mwake tu, mikono mbele kama mtu anayemkimbilia mtoto aliye karibu na moto. Nilimfikia na kumshika kiwiko. Ndipo nikagundua kwamba hakuna sauti yoyote. Nikainua macho, nikaona wanaume kila upande, na mume wangu yuko hatua moja kutoka nilipo, mdomo wazi, na chini ya viatu vyangu zile nyasi tupu.

Mama mkwe hakuwa anaanguka. Kiwiko chake kilikuwa kigumu. Alisema maneno machache kwa Kikurya, kwa sauti ile ile anayoniambia nayo nipunguze moto. Kisha, bila kuniangalia, akayasema kwa Kiswahili.

"Rika lake ni mimi. Mkimtenga, nitengeni. Wengine wenu hapa niliwapokea kwa mikono hii, na wala sikuuliza mna rika gani."

Mzee Nyamhanga alimwangalia. Kisha akaniangalia mimi niliyeshika kiwiko, nikiwa na gauni lililochanika, na nikaona anahesabu watu watatu. Sijawahi kuona mtu mzima aliyepotea hivyo. Sheria yao ilikuwa na jibu la mtu mwenye rika na jibu la mtu asiye na rika, na haikuwa na jibu la mtu ambaye rika lake ni mama yake na mkewe. Wakaanza kubishana, rika hili likilijibu lile, wazee wakisimama na kuketi. Mmoja alitaka tutozwe ng'ombe, mwingine akasema wanawake hawatozwi, wa tatu akasema kama hawatozwi basi si rika, na kama si rika wanafanya nini hapo ndani? Jua lilifika utosini. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda kuchunga. Tulisimama mpaka uwanja ukabaki na sisi watatu na mbuzi waliorudi kwenye nyasi zao, na hakuna aliyetuambia tumehukumiwa nini. Matiko alimkumbatia mama yake, jambo ambalo wanaume wa kule hawalifanyi, akalia kwa sauti, nami nililia pamoja naye nikiwa bado nimemshika mama kiwiko asianguke.

Hatukujua kama tumetengwa. Nawaambieni ukweli, mpaka tunahama hatukujua. Jirani mmoja alinipa moto kisha akaniomba nisiseme. Mwingine alivuka barabara aliponiona, kesho yake akatuma mtoto na maharage. Tulikuta mibuni ya marehemu imekatwa nusu, na wiki hiyo hiyo tukakuta kibuyu cha maziwa mlangoni, na hatukujua kama aliyekata na aliyeleta ni watu wawili au mmoja. Ghala lilikuja kufunguliwa, na kahawa iliyokuwemo ilitoka imeota ukungu. Matiko aliomba uhamisho, tukaja Morotonga, karibu na Mugumu, na mama mkwe akaja nasi na ungo wake. Amezikwa hapa nyuma ya nyumba, na waliomchimbia kaburi walikuwa majirani wa makabila ambayo hata yeye hakuyajua majina. Mzee Nyamhanga hakuwahi kuja. Aliwahi kutuma salamu mara moja, kwa mdomo wa dereva, na dereva akawa ameyasahau maneno yenyewe.

Watoto wetu walikua na habari ya mama yao aliyeingia ritongoni kifua mbele kumtetea baba yao. Waliipenda. Masika moja tulikuwa barazani tunapukuchua mahindi, mkubwa wetu akaanza kumsimulia mchumba wake habari hiyo, na katika simulizi lake nilikuwa nimeshapewa na fimbo. Sikuvumilia. Nikasema jamani, mimi sikujua niko wapi. Nilidhani bibi yenu anaanguka, nikaenda kumdaka. Watoto walipiga kelele, wakacheka, mmoja akaniambia nimewaharibia. Matiko alicheka kuliko wote, akavua miwani, akafuta macho kwa kigunzi badala ya kitambaa, tukazidi kucheka. Kisha akaanza kuokota punje zilizomwangukia mapajani.

"Hata mimi, Atu," akasema. "Hata mimi niliingia hivyohivyo. Niliona kitu kinaanguka, nikaenda kukidaka."